Mwaka Mmoja Msituni: Mwongozo Kamili wa Kuwafundisha Vijana wa Kiogiek Maarifa ya Msitu wa Mau

Programu nyingi za utamaduni na mazingira huharibika siku ya kwanza, pale hema linapopigwa, viti vya plastiki vinapopangwa na mzee anapokabidhiwa maikrofoni. Maarifa ya Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau nchini Kenya, hayakurithishwa kwa hotuba. Yamo ndani ya kazi: kuchonga mzinga, kusoma maua, kufuata kijito, kuwasha moto wakati kuni zimelowa. Mwongozo huu umeandikiwa vikundi vya kijamii, walimu na wazazi wa Nessuit, Mariashoni na vijiji jirani vya Mau ya Mashariki, kaunti ya Nakuru, wanaotaka kuendesha programu ya mwaka mzima kwa vijana wa miaka 12 hadi 17. Waogiek wa Chepkitale kule Mlima Elgon, Wasengwer wa Cherangany na Waendorois wa Bogoria wanaweza kuufuata pia wakibadilisha kazi zenyewe. Chepkitale, kwa mfano, ng'ombe na malisho ndiyo yatakayotangulia, nyuki wafuate.

Kanuni ni moja: mahali pamoja, mara nyingi. Kijana aliyerudi mara kumi na mbili kwenye mita 200 zilezile za kijito ataona mambo ambayo ziara ya basi katika misitu mitano haiwezi kumwonyesha.

Kabla ya kumwita kijana wa kwanza

Jipe miezi mitatu ya maandalizi. Anzeni na wazee, na wazee maana yake ni wanaume na wanawake. Kogo, yaani bibi, anajua mimea ya dawa ya watoto, vyakula vya njaa na namna ya kuhifadhi asali. Kugo, yaani babu, anajua mizinga na mipaka. Ukialika wanaume peke yao utapata nusu ya msitu.

Kikao cha kwanza kiwe na kazi moja tu: kugawa maarifa katika orodha tatu. Ya kwanza ni yale yanayoweza kufundishwa kwa kijana yeyote, hata wa jamii jirani. Ya pili ni ya ukoo, yanayofundishwa na mzee wa ukoo husika kwa vijana wake. Ya tatu ni yasiyofundishwa kabisa katika programu hii, yakiwemo mambo ya jando na dawa ambazo zikikosewa kipimo huua. Andikeni orodha hizo, zisomwe kwa sauti, wazee waweke sahihi au alama ya kidole. Kazi hii huchukua vikao viwili au vitatu, na watu wa mjini wataona inachelewesha mambo. Isiharakishwe. Ugomvi mwingi unaovunja programu katikati ya mwaka hutokana na mzee mmoja kufundisha kitu ambacho mwenzake anakiona ni mali ya ukoo wake.

Jambo hili lina sheria nyuma yake. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inaitambua jamii kuwa mwenye maarifa yake, na mtu wa nje anayetaka kuyatumia anatakiwa kupata kibali cha jamii kilichotolewa kwa kujua na mapema. Mtafiti, mpiga picha au shirika likiomba kuja siku ya mafunzo, mwonyesheni orodha ya kwanza na mwishie hapo.

Halafu kuna ruhusa ya kuingia msituni, na hapa msimchukulie mtu yeyote kwa mazoea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau, zikiwemo za ardhi, dini na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara mengine, pamoja na hatua za kurudisha ardhi. Kifungu cha 63 cha Katiba nacho kinazitaja ardhi za jadi za jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Lakini hukumu peke yake haimfanyi mlinzi wa geti awafungulie lango. Msitu wa serikali bado uko chini ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na kundi la watoto 20 wenye mapanga bila barua linaweza kuishia kituoni.

Kwa hiyo mwandikieni msimamizi wa kituo cha misitu wiki nne kabla, mkipitia chama cha jamii cha misitu cha eneo lenu. Barua itaje tarehe, njia mtakayopita, idadi ya vijana, majina ya viongozi na kila kazi kwa jina lake: kuhesabu miti, kupima kijito, kuokota mbegu zilizoanguka. "Mafunzo ya mazingira" ni maneno yasiyotosha, kwa sababu askari wa doria atakayekutana nanyi mna gunia la mbegu hatajua kama zimo katika ruhusa. Nakala moja iende kwa chifu, nyingine shuleni, na moja ikae mfukoni mwa kiongozi kila siku ya kazi. Hali ya Mau hubadilika haraka. Kukiwa na operesheni ya kuwaondoa watu, simamisheni kazi za msituni siku hiyo hiyo na kuhamia kwenye shamba la familia mliloliteua mapema kama mahali pa akiba.

Kuchagua mahali

Mnahitaji vitu vinne vilivyo karibu, vyote ndani ya mwendo wa dakika 40 kutoka mahali pa kukutania: kipande cha msitu wa asili kinachotosha kiwanja cha mita 20 kwa 20, sehemu ya kijito ya mita 200, mahali pa mizinga, na pembe ya shamba la kitalu karibu na maji. Usivutiwe na msitu mzuri ulio mbali. Mzee wa miaka 75 hutembea vizuri kilomita mbili au tatu kwa asubuhi, zaidi ya hapo atachoka kabla ya kufundisha.

Mpaka wa msitu na mashamba ni mahali pazuri kuliko ndani kabisa. Hapo kijana anaona mtarakwa, silibwet (Dombeya) na podo upande mmoja, na upande wa pili saiprasi, mikaratusi na viazi. Maswali huja yenyewe.

Watu na posho

Vijana wasizidi 24, na 18 ni idadi bora. Kila vijana sita wapewe mzee mmoja na mtu mzima mmoja mwenye nguvu, ambaye kazi yake ni kubeba, kuangalia nyuma na kukimbia kukihitajika. Mwalimu mmoja wa shule awemo tangu mwanzo. Mtaala wa umilisi una nafasi ya miradi ya kijamii na lugha za mama, na mwalimu anayejua kuiunganisha atawaokoa na vita vya ruhusa kila muhula.

Wazee walipwe posho siku hiyo hiyo, taslimu au kwa M-Pesa, kiasi kinacholingana na kibarua cha siku cha fundi wa eneo hilo. Soda na mkate si malipo. Bajeti ikibana, punguzeni idadi ya vijana na mwiache posho ya mzee ilivyo. Chakula kwa watu 26: mahindi makavu kilo 3 na maharagwe kilo 2 kwa githeri, unga kilo moja na nusu kwa uji wa saa nne, na lita 50 za maji yaliyochemshwa. Maji ya kijito cha Mau yanaonekana safi na bado yana ng'ombe juu yake.

Wasichana wanahitaji kiongozi wa kike kila siku, mahali pa kujisitiri na pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mtu mzima yeyote asibaki peke yake na mtoto mmoja, awe mzee anayeheshimiwa kiasi gani. Kazi ya mizinga ya juu ya miti ilikuwa ya wanaume, na wazee wengine watasita kuifundisha kwa wasichana. Ulizeni mapema badala ya kuwashtukiza. Mara nyingi jibu ni kwamba mizinga ya chini haina mwiko, na hiyo ndiyo tutakayoitumia.

Kuhusu lugha: jina la kitu litangulie kwa Kiogiek, maelezo yafuate kwa Kiswahili kwa asiyeelewa. Vijana wengi wa Nessuit wamekulia katika Kipsigis, Kikuyu na Kiswahili, na majina ya mimea yamewaponyoka. Usimwadhibu anayekosea. Kenya imewahi kuwavisha watoto kibao cha aibu kwa kusema lugha ya mama, na hakuna sababu ya kukigeuza upande wa pili.

Ratiba

Panga Jumamosi moja kila mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa saba, pamoja na kambi mbili za siku tatu wakati wa likizo za Aprili na Agosti. Kwa nini saa saba? Mvua ya Mau hupenda kuanza mchana, na njia za udongo zikilowa hata pikipiki haipandi.

Likizo ya Novemba na Desemba msiweke kambi. Ndio msimu wa jando kwa familia nyingi za Kikalenjin, vijana wa kiume watakuwa wametengwa, na waliotoka jandoni hawakai tena na wasiotahiriwa kama awali. Ukiwa na kundi mchanganyiko Januari, waulize wazee jinsi ya kuwapanga kabla ya kuwaweka hema moja. Kwa upande wa wasichana hakuna mjadala: ukeketaji ni kosa kwa sheria ya 2011, na programu yenu isitumike kama kisingizio cha kuwakusanya.

Maua na kalenda ya nyuki

Hapa ndipo moyo wa programu ulipo, kwa hiyo ipeni kazi hii muda mwingi kuliko nyingine zote. Mwogiek wa jadi hakufuata kalenda ya ukutani. Alihama na asali, kutoka msitu wa chini hadi wa juu, kulingana na mti uliochanua. Kijana akijifunza kusoma maua amejifunza pia mwinuko, mvua, wadudu na sheria za ukoo kwa pamoja.

Chagueni miti kumi pamoja na wazee: silibwet miwili au mitatu, kwa kuwa wazee wengi huutaja mti huo kwanza wakizungumzia asali, kisha tendwet (Prunus africana), emitiot (mzeituni mwitu) na mingine ambayo wao wenyewe wataitaja. Andikeni jina kama mzee anavyolitamka, maana vijiji hutofautiana. Fungeni kila mti utepe wenye namba kwa kamba iliyolegea. Msipigilie msumari: jeraha huingiza kuvu, na mzee atawaona hamjui kitu.

Kila mwezi vijana wawili wawili wasimame chini ya mti wao na kutoa alama 0 hadi 4 kwa vitu vinne: majani mapya, vichipukizi vya maua, maua yaliyofunguka, matunda. Sifuri ni hakuna, 1 ni chini ya robo ya taji, 2 hadi nusu, 3 hadi robo tatu, 4 zaidi ya hapo. Wahesabu pia nyuki wanaoonekana juu ya tawi moja linalofikika kwa dakika tano, saa ileile kila mara. Kosa la kawaida ni kijana kutazama tawi la chini lenye kivuli na kuandika 0 wakati kilele kimejaa maua. Nunueni darubini moja ya bei nafuu, au watazame wakiwa upande wa mteremko wa juu.

Kwenye karatasi hiyo kuwe na safu ya tano: "Mzee alisema nini." Mzee akisema maua haya yamechelewa au mvua ya mwaka huu imeyapiga, iandikwe neno kwa neno. Baada ya miezi 12 safu hiyo itakuwa na thamani kuliko namba zote.

Mzinga

Mzinga wa jadi ni gogo, na mtarakwa ndio unaopendwa kwa sababu hauozi upesi na mchwa hawaupendi. Urefu wake ni kama mita moja, kipenyo sentimita 30 hadi 40. Gogo hupasuliwa vipande viwili kwa urefu, likachongwa ndani hadi ukuta ubaki wa sentimita 3 au 4. Kukata mtarakwa msituni bila leseni ni kosa, kwa hiyo tumieni mti ulioanguka wenyewe, kwa ruhusa iliyoandikwa, au gogo la shambani. Mzee achonge, vijana wa miaka 15 na zaidi wapokezane shoka dogo na tezo wakiwa wamepiga magoti na miguu iko nyuma ya gogo. Wadogo wanatoa mabanzi na kusugua ndani kwa majani yenye harufu ambayo mzee atayachagua. Mzinga mmoja huchukua asubuhi mbili. Makosa mawili hujirudia: ukuta mwembamba, ambao joto na baridi hupita na nyuki huhama, na tundu kubwa la kuingilia. Kijiti cha kipenyo cha sentimita moja kikipita, linatosha.

Mzinga huo wa gogo utapandishwa mtini na watu wazima. Kwa mafunzo ya kufungua tumieni mzinga wa pau za juu, ule uitwao KTBH, kwa kuwa unafunguliwa ukiwa usawa wa kiuno. Hakikisheni kila pau ina upana wa milimita 32. Kipimo hicho kinafuata umbali ambao nyuki wetu wa Afrika huacha kati ya sega na sega. Fundi wa mbao akiweka 35 au 40 kwa kukisia, nyuki watajenga sega moja likishika pau mbili, na siku ya kufungua litapasuka, asali imwagike na kundi zima likasirike. Pakeni mstari mwembamba wa nta katikati ya kila pau. Ning'inizeni mzinga kwa waya kati ya nguzo mbili, mita moja kutoka chini, mkipaka waya grisi ili siafu wasipite, mahali penye kivuli chepesi, angalau mita 100 kutoka njia, nyumba na ng'ombe waliofungwa. Nyegere akiwepo, nguzo zifungwe mabati laini.

Mzinga ukikaa mtupu miezi sita, tazameni kwanza harufu ya rangi mpya, kisha unyevu, kisha siafu. Kuuhamisha kila mwezi ni kuhakikisha unabaki mtupu.

Kufungua:

1. Fanya kazi jioni ya siku ya kambi, jua linapoelekea kuzama. Adhuhuri yenye joto nyuki wengi huwa wakali.
2. Waliovaa mavazi kamili wasizidi wanne. Wengine wakae mita 50 nyuma, upande wa juu wa upepo, na njia ya kukimbilia waijue.
3. Washa kifukizo kwa samadi kavu au magome, subiri moshi mweupe na baridi. Moshi wenye cheche huchoma mabawa na kuanzisha vita.
4. Puliza mara tatu mlangoni, subiri dakika mbili.
5. Anza na pau ya mwisho, mbali na mlango. Inua wima, usiilaze: sega jipya halina waya ndani na hukatika kwa uzito wake.
6. Kata sega lililozibwa robo tatu au zaidi. Asali ya seli wazi ina maji mengi na huchacha. Masega ya watoto yaachwe, na uache pia masega kadhaa ya asali kwa ajili ya nyuki wenyewe.
7. Funga, ondoka taratibu, na usivue vazi kabla ya kutembea mita 50.

Fomu ya mzazi iulize wazi kama mtoto amewahi kuvimba mwili mzima au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki. Kama ndiyo, asikaribie mizinga, apewe kazi ya maua. Mwiba ukwanguliwe mara moja kwa ukucha, kisha maji baridi. Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwama, au kijana akitapika na kulegea, ni hospitali moja kwa moja, na gari au pikipiki iwe imekwisha kuwekwa tayari tangu asubuhi. Msijaribu dawa ya mzee kwanza. Wazee wenyewe watakubali hilo likizungumzwa mapema.

Kijito

Mto Njoro huanzia Mau ya Mashariki na kuishia Ziwa Nakuru, Sondu huenda Ziwa Viktoria. Kijana anayepima kijito chake anapima maji ya mtu wa Nakuru mjini au wa Kisumu, na hiyo ni hoja atakayoweza kuisema mbele ya mkutano wowote.

Chagueni vituo viwili, kimoja juu ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa na kimoja chini yake. Kwa mwendo wa maji, pimeni mita 10 kwa kamba, tupeni kijiti kikavu, hesabuni sekunde, rudieni mara tatu na kupata wastani. Upana mita 2, kina cha wastani mita 0.25, kijiti kikitumia sekunde 25: kasi ni mita 0.4 kwa sekunde, zidisha vyote upate 0.2, kisha zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Ni lita 170 kwa sekunde. Kina kipimwe sehemu tano, kwani kijana akipima katikati tu namba itapanda isivyostahili.

Kwa usafi, shika wavu wenye matundu ya milimita moja ukielekea mkondo, koroga mawe kwa mguu mbele yake kwa dakika tano ukihama hama, mwaga kwenye karai jeupe. Viluwiluwi bapa wenye mikia miwili au mitatu wanaojibana chini ya mawe ni ishara nzuri, maana hawavumilii maji yaliyopungukiwa hewa. Mkipata minyoo myekundu na ruba peke yao, kuna uchafu juu. Je, wavu uanze kituo cha juu, cha chini baadaye? Hapana: anzeni kituo cha chini, la sivyo tope mtakalotibua litawafuata na kuharibu kipimo. Wadudu warudishwe majini. Kina kikizidi magoti, au maji yakigeuka rangi ghafla, tokeni wote: mvua imenyesha juu.

Kiwanja na kitalu

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kipimwe mara mbili tu kwa mwaka. Pembe mraba hupatikana kwa kamba yenye mafundo ya mita 3, 4 na 5. Hesabuni miti ambayo mzingo wake kwa urefu wa mita 1.3 unafikia sentimita 31, yaani kipenyo cha 10, na visiki pia, kwa sababu visiki ndivyo vinavyosimulia.

Kitalu kianze Juni ili miche iwe tayari mvua ya mwaka unaofuata. Mchanganyiko ni madebe 3 ya udongo, 1 la samadi iliyoiva, 1 la mchanga. Jazeni mirija 300 ya inchi 4 kwa 6 mkitarajia miche 200. Mbegu ya tendwet haivumilii kukaushwa: toa nyama ya tunda, osha, panda ndani ya siku chache. Watu huianika juani kama mahindi, kisha hulaumu udongo. Ya emitiot ina gamba gumu, ipasuliwe kidogo kwa jiwe bila kuponda kiini. Mtarakwa huota polepole na kwa kuchagua, kwa hiyo panda nyingi. Magome ya tendwet yanauzwa kama dawa na biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu 1995, basi mzee akionyesha jinsi ya kuchukua gome, aonyeshe kipande cha upande mmoja. Kuzungusha shina ni kuua mti.

Mche upandwe Aprili, mvua ikishika, ukiwa na sentimita 30 na shina la unene wa penseli, mita 3 kati ya mche na mche, mrija ukiwa umetolewa. Hesabu ya maana ni ya Machi inayofuata, baada ya kiangazi na mbuzi. Picha za siku ya kupanda hazihesabiki.

Ramani ya udongo na karatasi

Mwaka 2006 Nessuit ilitengenezewa ramani ya sura ya nchi ya Mau ya Mashariki kwa skeli ya 1:10,000. Wanafunzi walijenga umbo la milima, wazee wa koo wakaweka majina na mipaka. Mgawanyo huo wa kazi bado ndio bora: kijana ana mikono, mzee ana kumbukumbu, na hakuna anayeweza kumaliza bila mwenzake.

Ya kwenu iwe ndogo, itoshee kambi ya Agosti. Chukueni eneo la kilomita 4 kwa 4 kwa skeli ya 1:5,000, iwe ubao wa sentimita 80 kwa 80. Kuzeni mara kumi sehemu ya ramani ya 1:50,000 ya Survey of Kenya. Kwa mistari ya mwinuko ya kila mita 20, tabaka moja ni milimita 4, karibu unene wa katoni ya kawaida ya dukani. Bonde linaloanzia mita 2,300 na kilele cha 2,600 ni matabaka 15, kimo cha sentimita 6. Kata kila tabaka kwa kufuata mstari wake, gundisha kuanzia chini, funika kwa vipande vya gazeti na uji mzito wa unga wa ngano, acha ukauke siku nzima. Ukipaka rangi kabla haujakauka, ubao utajikunja.

Kubalianeni alama kabla wazee hawajakaa: pini kwa mahali pamoja kama chemchemi, uzi kwa njia na mito, rangi kwa maeneo. Kisha vijana wakae kimya na pini mkononi, wazee wazungumze. Msimalize kwa siku moja, kwa maana usiku wazee hukumbuka na asubuhi husahihishana. Mipaka ya koo ikizua ubishi, toeni uzi huo na kuuacha hadi kikao cha wazee peke yao.

Mahali pa mizinga na pa matambiko pasiwekwe kwenye ramani itakayopigwa picha. Zimeni alama ya mahali kwenye kamera za simu zote, kwani picha moja ya mzinga yenye vipimo vya mahali inamtosha mwizi wa asali.

Nani anashika kumbukumbu

Madaftari, sauti zilizorekodiwa na ramani ni mali ya jamii, na katika mabishano ya ardhi vinaweza kuwa ushahidi. Nakala moja ikae kwa kamati ya wazee kwenye sanduku la bati lenye kufuli, ya pili shuleni ikiwa na orodha ya kwanza tu, ya tatu kwenye kadi ya kumbukumbu kwa mweka hazina. Mfadhili apewe ripoti ya idadi na kazi. Rekodi za wazee asipewe, hata akisema ni kwa ajili ya hifadhi.

Mwisho wa mwaka msiwape mtihani wa kuandika. Kila kijana ampeleke mzazi wake kwenye kiwanja na kutaja miti 15 kwa Kiogiek, kila mmoja na kazi yake, mzee akisikiliza. Anayefika 15 anakuwa kiongozi msaidizi mwaka unaofuata, na ndiye atakayebeba kifukizo. Asiyefika anarudi kundini bila kelele. Barua ya KFS ya mwaka wa pili ipelekwe Novemba, kabla ofisi hazijafungwa kwa Krismasi.